Ufufuo na Kinga: Imani ya Kikristo Mbele ya Kifo na Kukata Tamaa katika Nyanda za Njombe

Imani ya Kikristo kuhusu kifo imesimama juu ya dai moja: kwamba Yesu wa Nazareti, aliyesulubiwa chini ya Pontio Pilato, alifufuka, na kwamba Mungu aliyemfufua ana neno la mwisho juu ya kila kaburi. Paulo, katika waraka aliowaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, hakulipunguza makali dai hilo. Aliona kwamba likiwa si kweli, mahubiri yote ni maneno matupu na wanaoyashika ni watu wa kusikitikiwa. Katika mlango huohuo wa 15 anakihesabu kifo kuwa adui, tena adui atakayeondolewa mwisho. Hapo pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: adui atakayeondolewa mwisho ni adui ambaye bado yupo. Mkristo huishi kati ya ushindi uliokwisha kutangazwa na kifo kinachoendelea kumnyang'anya watoto wake, na upotoshaji mwingi wa imani hii huanzia pale mtu anapochoka kubeba pande zote mbili.

Uchovu huo ndio unaozaa mafundisho ya kinga. Kinga husema kwamba Mungu humzuilia mtu wake maradhi, ufukara na kifo cha mapema. Ufufuo husema jambo jingine kabisa: mtu wa Mungu huugua, hufilisika na hufa kama wenzake, lakini kifo hakiwezi kumtoa mikononi mwa aliyemwumba, wala hakina haki ya kuamua jinsi walio hai watakavyotendeana. Katika nyanda za juu za Njombe mafundisho haya mawili yamekaa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja, mara nyingi ndani ya usharika mmoja na hata ndani ya moyo mmoja. Historia ya mahali hapa inaonyesha ni lipi hubaki limesimama msiba unapofika.

Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ni nchi ya Wabena, Wakinga, Wapangwa, Wawanji na Wamanda, kuanzia mashamba ya chai ya Lupembe hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Makambako ndiyo njia panda yake: hapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na ile ya Songea, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hupita hapohapo. Wilayani Ludewa kuna milima ya chuma ya Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, wakapanda hadi Ukinga, na mwaka 1898 wakafungua kituo cha Kidugala katika Ubena. Wabenediktini waliojenga misheni ya Peramiho waliingia kutoka upande wa Songea, na Jimbo Katoliki la Njombe likaundwa mwaka 1968. Waanglikana walishika Milo katika Upangwa. Walutheri, ambao makanisa yao saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963, wana makao ya Dayosisi ya Kusini mjini Njombe.

Makanisa hayo hayakukuta watu wasiojua habari za Mungu wala za wafu. Muumba alijulikana, Wabena wakimwita Nguluvi na Wakinga Nguluve, ingawa shughuli za kila siku zilipitia kwa wazee waliotangulia. Wafu walibaki wakubwa wa ukoo, wenye haki ya kukumbukwa na uwezo wa kukasirika. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliwaeleza kama wafu walio hai, ambao kwa hakika huondoka pale tu anapokufa mtu wa mwisho aliyewajua kwa jina. Kifo cha mzee aliyeshiba siku kilieleweka. Kifo cha kijana kilidai maelezo, na swali lake lilikuwa moja: nani amemuua? Wamisionari walikuja na jibu la swali tofauti, yaani wafu wanakwenda wapi. Pengo hilo kati ya swali na jibu halijazibwa hadi leo, na ndani yake ndimo waganga, wapiga ramli na wahubiri wa kinga wanamofanyia kazi.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai, vikibebwa na mafundisho ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kwamba maji yenye dawa yangemkinga mpiganaji na risasi za Wajerumani. Kinjikitile alinyongwa mwezi Agosti, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kusafiri. Wangoni waliingia vitani, na sehemu za Ubena na Upangwa pia. Askofu Cassian Spiss aliuawa na wenzake mwezi huohuo wakiwa njiani kwenda Peramiho, na mwezi Septemba misheni ya Yakobi katika Ubena ikashambuliwa. Jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa katika eneo lote la vita walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Waliokunywa maji hawakuwa wajinga, na msomaji Mkristo hana sababu ya kuwadharau. Maji yaliunganisha makabila yaliyokuwa yakipigana, yakawapa watu waliodhulumiwa kwa kodi na kazi za shuruti ujasiri wa kusimama. Lakini ahadi yake ilikuwa ya kinga, na kila kinga huwa na sharti. Mpiganaji alitakiwa kushika miiko, ikiwemo kujitenga na mwanamke. Risasi ilipoua, palikuwa na jibu tayari: marehemu alivunja mwiko. Dawa haikushindwa, aliyeshindwa ni mtu. Mfumo huu wa mawazo ni muhimu kuutambua, maana unarudi ndani ya makanisa neno kwa neno: mgonjwa aliyeombewa akafa hana imani, ana dhambi iliyofichwa, hakutoa sadaka yake kwa moyo. Maiti hulaumiwa ili ahadi isalimike.

Baada ya vita na njaa, katika sehemu nyingi za kusini watu waliongezeka mashuleni na makanisani. Sababu zilikuwa nyingi, nazo ni za kibinadamu: chakula, ulinzi, kusoma, na kuvunjika moyo. Ilikuwa rahisi pia kuufasiri ushindi wa bunduki kuwa ushindi wa Mungu wa wenye bunduki, kana kwamba msalaba ni maji yenye nguvu zaidi. Pale ambapo ubatizo ulieleweka hivyo, Ukristo ulipandwa juu ya msingi uleule uliokuwa umebomoka muda mfupi kabla.

Agano Jipya halitoi nafasi kwa fasiri hiyo. Mfano wa wazi ni Lazaro katika mlango wa 11 wa Injili ya Yohana. Yesu anachelewa, rafiki yake anakufa, na Martha anamlalamikia waziwazi kwamba kuwapo kwake kungezuia kifo hicho. Martha anataka kinga. Yesu hamkemei. Analia, kisha anafika kaburini na kumwita marehemu. Hata hivyo Lazaro alirudi katika maisha yaleyale, mwili uleule wa kufa, na siku moja alizikwa tena. Ufufuo wa Kristo si wa namna hiyo. Kwa fundisho la mitume, Kristo hakurejeshwa upande huu wa kifo. Alikipita akatokea ng'ambo yake, akiwa na mwili wenye makovu ya misumari. Makovu hayo yana uzito katika teolojia: ushindi haukufuta yaliyompata. Paulo naye, katika mlango wa 8 wa Warumi, anaorodhesha dhiki, njaa, hatari na upanga, na hasemi hata mara moja kwamba hayo hayatawafika waamini. Anachokana ni uwezo wa mambo hayo kuwatenga na upendo wa Mungu.

Jambo la pili katika fundisho hili ni mwili. Kanuni ya imani inakiri ufufuo wa mwili, wala haiishii katika kuendelea kuwapo kwa roho. Mbiti alilishughulikia suala hili katika utafiti wake wa mwaka 1971 kuhusu Wakamba na mafundisho ya mambo ya mwisho. Aliona kwamba waumini walikuwa wamefundishwa kuhusu mbinguni kama nchi ya mbali ya starehe, mahali pa kukimbilia, huku Kristo aliye kiini cha tumaini lenyewe akisogezwa pembeni. Charles Nyamiti, padri na mwanateolojia Mtanzania, alitafuta njia nyingine katika kitabu cha mwaka 1984 kinachomtazama Kristo kama Mhenga wetu. Kwake, uhusiano wa walio hai na wafu haukatwi bali unapitia kwa Kristo, ndugu mkubwa aliyekufa na kuishi. Pendekezo hilo lina mipaka yake, kwa kuwa mhenga wa kawaida hubaki amekufa na Kristo siye. Lakini linagusa hasa pengo lililotajwa juu: Mbena anayemzika baba yake hataki kuambiwa tu kwamba roho imekwenda mahali pema, anataka kujua kama bado ni mtoto wa mtu.

Jaribio la pili lilidumu muda mrefu zaidi kuliko vita. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, lakini ni Njombe iliyokuja kushika nafasi ya kwanza kwa maambukizi. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa mkoa huo wakiishi na VVU, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa 2016–17 ulipata asilimia 11.4, na ule wa 2022–23 asilimia 12.7. Takwimu hizi za karibuni zisisomwe kama kushindwa tu, kwa kuwa dawa huwaweka watu hai, na walio hai huhesabiwa. Sababu za hali hiyo ni kadhaa na hakuna moja inayotosha: madereva na wasafiri wa Makambako, vibarua wa chai na mbao wanaoishi mbali na wenzi wao, desturi ya zamani ya wanaume kwenda kufanya kazi mbali kwa miezi mingi, na uchache wa tohara kwa wanaume, ambao Serikali ilianza kuushughulikia kwa kampeni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kabla ya dawa, wilaya ya Makete mkoani humo ilifahamika nchi nzima kwa nyumba ambamo bibi alibaki na wajukuu, kizazi cha katikati kikiwa kimelala makaburini. Hapo imani juu ya uwezo wa Mungu ilikuwa suala la asubuhi ya kila siku. Mimbari nyingi nchini, miaka ile ya mwanzo, ziliuita ugonjwa adhabu. Kauli hiyo ilikuwa na madhara mawili. Ilimfanya mgonjwa afiche, na aliyeficha aliambukiza. Pia ilimfundisha mjane aliyekuwa mwaminifu maisha yake yote kwamba Mungu alikuwa upande wa kifo. Ni vigumu kupata kauli iliyo mbali zaidi na 1 Wakorintho 15, ambako Mungu na kifo ni maadui.

Lakini makanisa hayohayo yalikuwa na hospitali: Walutheri huko Ilembula na Bulongwa, Wamisionari wa Consolata huko Ikonda, Wakatoliki huko Lugarawa, Waanglikana huko Milo. Wauguzi waliokuwa wakiosha vidonda walihubiri vizuri kuliko waliokuwa mimbarini. Kina mama wa jumuiya walikwenda na unga, sabuni na kuni katika nyumba ambazo majirani walikuwa wamezikwepa. Dawa za kufubaza makali ya VVU zilipoanza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, watu waliokuwa wamekwisha kuandaliwa sanda waliinuka vitandani, wakarudi kulima viazi. Sehemu nyingi duniani hali hiyo ilifananishwa na Lazaro, na mfano huo ni sahihi kuliko wengi walivyokusudia: walirejeshewa uhai ambao bado ni wa kufa, unaohitaji kidonge kila siku. Hakuna ubaya kumshukuru Mungu kwa hilo. Ubaya uko katika kulichanganya na ufufuo, kwa sababu atakayefundishwa kwamba kupona ndiko ushindi atakuwa hana la kushika siku dawa zitakapomkataa.

Mkanganyiko huo ulionekana waziwazi mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alitangaza kwamba Mungu alimwonyesha dawa ya mti wa mugariga inayotibu kisukari, saratani na UKIMWI. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Misururu ya magari ilifika kilomita nyingi, wagonjwa walitolewa wodini wakapelekwa, na baadhi walifia njiani. Viongozi wa Serikali na wa dini walikuwa miongoni mwa waliokunywa, huku wataalamu wa afya wakisihi watu wasiache dawa za hospitali. Mzee huyo, aliyefariki Julai 2021, hakutajirika kama wengi waliokuja baada yake, na haifai kumshuku nia. Swali la msingi linawahusu waliokwenda. Wengi wao walikuwa Wakristo waliokiri ufufuo kila Jumapili, na bado, kilipotangazwa kikombe, walikimbia kama watu ambao hawakuwahi kuambiwa lolote juu ya kifo. Mafundisho yaliwapa maneno ya kukiri, hayakuwapa namna ya kufa.

Tukio la Moshi la tarehe 1 Februari 2020 lilikuwa la aina hiyohiyo, watu 20 wakifa kwa kukanyagana wakiwania kupita juu ya mafuta ya upako. Ugonjwa wa korona nao ulileta mvutano huo katika ngazi ya taifa. Nchi ilifanya siku tatu za maombi Aprili 2020, jambo jema kwa taifa linalomwamini Mungu, lakini maombi yalipoanza kuchukuliwa kama uthibitisho kwamba ugonjwa umekwisha, yaligeuka kuwa kinga. Baraza la Maaskofu Katoliki, katika waraka wa Januari 2021, liliwakumbusha waumini kwamba Tanzania si kisiwa, likiwataka wajihadhari huku wakisali. Waraka huo ulikuwa mfupi, na thamani yake kiteolojia ni kubwa: ulitenganisha sala na kinga bila kuidharau sala.

Mkoa wa Njombe una sababu ya pekee ya kujali watu wanaamini nini juu ya kifo. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa walitekwa na kuuawa, baadhi wakikutwa wamekatwa viungo, na mauaji yale yalihusishwa na imani za ushirikina za kutafuta utajiri. Aliyetuma au kutenda aliamini kwamba kifo ni mali inayoweza kubadilishwa na mali nyingine, na kwamba kuna nguvu inayopokea malipo hayo. Imani ya Kikristo haiwezi kuishia kulaani kwa jumla. Inalazimika kusema kwamba uhai wa mtoto una mwenyewe, kwamba kaburi lake si mwisho wa kesi yake, na kwamba Mungu aliyemfufua aliyeuawa bila hatia atamdai kila muuaji. Hukumu ya mwisho, fundisho ambalo wahubiri wa kisasa hulikwepa, ni habari njema kwa mama wa mtoto huyo. Pasipo hukumu, ufufuo ungekuwa starehe ya waliokufa vizuri.

Kukata tamaa ni mlango wa upande wa kifo, na Biblia inalitazama jambo hili kwa utulivu kuliko wasomaji wake wengi. Eliya, katika 1 Wafalme 19, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha, anampa tena, na mazungumzo yanakuja baada ya safari ya siku arobaini. Paulo anakiri katika waraka wa pili kwa Wakorintho kwamba huko Asia alilemewa hata akaona hana tena matumaini ya kuishi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila ule mgeuko wa sifa unaopatikana katika zaburi nyingine za maombolezo, na waliokusanya zaburi waliiacha hivyohivyo. Uamuzi wao ni fundisho: Mungu anayeweza kusikia sala hiyo hahitaji waombolezaji wajifanye wana furaha. Martin Luther, ambaye jina lake linabebwa na makanisa mengi ya Ubena na Ukinga, alipambana na vipindi vya kukata tamaa maisha yake yote. Binti yake Magdalena alipofariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13, alilia sana, ingawa hakuwa na shaka juu ya ufufuo. Kulia na kuamini kulikaa pamoja kwake, kama kulivyokaa pamoja kwa Yesu huko Bethania.

Kinyume cha utulivu huo ni jinsi makanisa yalivyowatendea waliojiua. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria za 1983 ziliwaondoa katika orodha hiyo, na Katekisimu ya mwaka 1992 ikafundisha kwamba maradhi ya akili na mateso makali hupunguza wajibu wa mtu, wala wokovu wake usikatiwe tamaa. Badiliko hilo halijafika kila kigango. Kwa Waprotestanti wengi nchini kanuni hutegemea mchungaji na wazee wa usharika, na familia mara nyingi huzika haraka, bila kengele, kama watu wanaoficha wizi. Sheria ya nchi, katika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, bado inamtia hatiani anayejaribu kujiua, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Mtu aliyetoka ukingoni mwa kifo anakutana na polisi kabla ya kukutana na mkate wa Eliya.

Suala hilo ni sehemu ya jingine pana zaidi, la kutengwa. Katika makanisa mengi ya Tanzania mshirika aliye chini ya marudi, au asiyeonekana katika daftari la sadaka, anaweza kunyimwa ibada ya mazishi. Wanaotetea utaratibu huu wana hoja: kanisa lisilo na nidhamu hupoteza sura yake, na ibada ya mazishi isigeuzwe kuwa haki ya kila mtu aliyemdharau Mungu alipokuwa hai. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mazishi yangekuwa tuzo. Lakini kwa teolojia ya ufufuo, mazishi ni tangazo la kile Mungu anachofanya na wafu, si cheti cha mwenendo wao. Tena wanaosimama kaburini ni walio hai: mjane, watoto, majirani wasioingia kanisani mwaka mzima. Kuwanyima neno siku hiyo ni kukiri kwamba mbele ya kifo cha mtu huyu Kanisa halina la kusema. Adhabu inamkosa marehemu na kuwapata yatima.

Msiba wenyewe, kama unavyoendeshwa vijijini, una hekima ambayo waraka wowote wa kichungaji ungepaswa kujifunza kwake. Watu hufika bila kualikwa. Wanaume huchimba kaburi kwa zamu, kina mama hupika na kulala na mfiwa, rambirambi huandikwa daftarini kwa majina, na kwaya huimba usiku hadi kunapambazuka. Mengi ya hayo ni ya zamani kuliko misheni. Ukristo uliongeza msalaba, mahubiri na nyimbo za tumaini, na mara nyingine ulipunguza kilio, kwa kuwaambia wafiwa wasilie kama wasio na matumaini, wakati maandiko yanakataza kulia pasipo matumaini na si kulia. Walutheri na Wakatoliki hutofautiana kuhusu kuwaombea wafu: Wakatoliki hutolea Misa marehemu na kuwakumbuka wote tarehe 2 Novemba, Walutheri hushukuru kwa maisha yao na kuwakabidhi kwa Mungu. Katika familia zenye watu wa madhehebu yote mawili, na Njombe zimejaa, tofauti hiyo hujulikana na kuvumiliwa. Wamoravian wa Mbeya jirani wana desturi, iliyoanzia Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka na kuimba hapo. Wengine wangeweza kuiiga bila kupoteza chochote.

Ludewa inalileta suala la mwili wa marehemu kwa namna mpya. Mkataba wa mradi wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma ulitiwa saini mwaka 2011, na tangu hapo watu wa Mundindi na vijiji vya jirani wamekaa katika kusubiri, ambako nako ni aina ya kuchoka. Ardhi yenye chuma ina watu wake, na penye watu pana makaburi. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inairuhusu Serikali kuhamisha makaburi yaliyo katika ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma. Ukoo unaoambiwa kuchimbua mifupa ya babu hupata hofu ya zamani, kwamba aliyesumbuliwa atasumbua, na hofu ya Kikristo, kwamba mwili uliotawanywa hautapatikana siku ya mwisho.

Hofu ya pili ilikwisha kujibiwa mapema. Mwaka 177, huko Lyon, watesi waliwachoma Wakristo waliowaua na kutupa majivu yao katika mto Rhône, wakidhani kwamba hivyo wanaizuia siku ya ufufuo. Kanisa la Lyon halikuacha kuungoja ufufuo kwa sababu ya mto huo, maana tumaini lake lilikuwa kwa Mungu aliyeumba mwili kutoka katika udongo, asiyehitaji kaburi limtunzie kumbukumbu. Hilo halitoi ruhusa ya kuitendea mifupa kama kifusi. Mwili utakaofufuliwa una heshima tangu sasa, na kuhamishwa kwake kunadai kile mazishi ya kwanza yalichodai: jeneza, jina lake kutajwa, ukoo kuwapo, na mchungaji, padri au katekista kusimama na kusema waziwazi marehemu huyu ni wa nani. Fidia ya fedha haibebi kazi hiyo. Ni ya usharika na parokia, na maandalizi yake yanafaa kufanywa kabla mitambo haijafika mlimani.